Korona ilipoingia Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miezi ile ya mwanzo

Watoto waliokuwa wadogo wakati ule sasa ni vijana, na wanauliza. Wageni wanaohamia kutoka bara wanauliza. Hata sisi wenyewe tukikaa barazani jioni tunaulizana, maana mambo yalipita mbio na kila mtu aliona upande wake tu. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani, wale wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba, na watu waliniuliza kila kitu, kuanzia dawa hadi unga wa kesho. Majibu yangu yanahusu mwaka 2020, hasa kati ya Machi na Julai.

Liko jambo moja nitalirudia kwa sababu bado linaniuma. Watu wa Mombasa walisemwa sana kwamba ni wakaidi. Si kweli. Walipowezeshwa kutii, walitii. Waliposhindwa, mara nyingi sharti lenyewe lilimfaa mtu mwenye mfereji ndani ya nyumba, mshahara wa mwisho wa mwezi na chumba cha ziada cha kujitenga.

Yote yalianza lini hasa?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Ijumaa ya tarehe 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini Kenya, mtu aliyekuwa amerudi kutoka Marekani kupitia London. Jumapili ya tarehe 15 shule zikaamriwa kufungwa. Wiki iliyofuata zikaja amri juu ya amri: nyumba za ibada, baa, mikusanyiko. Ndege za abiria kutoka nje zikasimama tarehe 25, na tarehe 27 kafyu ikaanza nchi nzima, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Kisha Mombasa ikafungwa. Kuanzia tarehe 8 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka kaunti hii, pamoja na Kilifi na Kwale zilizofungwa vivyo hivyo. Treni ya abiria ya Nairobi ilikuwa imekwisha simama. Kwa Mombasa kufuli hilo halikufunguliwa hadi Julai. Mtu aliyekuwa na mama mgonjwa Mtwapa, mwendo wa matatu moja tu kuvuka daraja, ghafla alikuwa na mama aliye mbali.

Ilikuwaje pale kwenye feri siku ya kwanza ya kafyu?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa urefu kwa sababu siku ile ilibadilisha mengi.

Asiyeijua Mombasa lazima kwanza aelewe kwamba mji wetu ni kisiwa. Kazi nyingi ziko kisiwani na bandarini, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wanalala ng'ambo, Likoni na Mtongwe, kwa sababu huko ndiko kodi ya nyumba wanaimudu. Wakati ule mwenda kwa miguu hakuwa na daraja. Alikuwa na feri tu. Watu waliokadiriwa kuwa zaidi ya 300,000 walivuka mlango ule kila siku, wamebanana, mmoja akipumua kisogoni kwa mwenzake.

Sasa amri ikasema ikifika saa moja jioni kila mtu awe kwake. Waajiri wengi waliwatoa watu saa zile zile za kawaida, au mapema kidogo tu. Kwa hiyo Ijumaa ile ya tarehe 27 Machi umati wote uliomiminika Likoni ulikuwa unafanya jambo moja: unajaribu kuitii kafyu. Walikuwa wanakwenda nyumbani. Na pale pale, kabla hata saa haijafika, polisi wakawapiga marungu na kuwarushia mabomu ya machozi. Watu walilazwa chini kwa wingi, wakakohoa, wakajifuta macho kwa mikono waliyoambiwa wasijiguse nayo usoni. Picha zilizunguka dunia. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili, Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi kwa nguvu zilizotumika kupita kiasi.

Radhi ni jambo jema, lakini mlangoni kwa watu mimi niliona tofauti kuanzia Jumatatu ile. Kabla ya hapo nikibisha, naambiwa "karibu, keti, tueleze." Baada ya hapo ilikuwa kwanza wanachungulia dirishani nimefuatana na nani. Kazi ya afya ya jamii haina silaha nyingine ila kuaminiwa.

Kwenye feri mambo yalirekebishwa. Waliweka matangi ya maji na sabuni, wakapunguza idadi ya wanaopakiwa, foleni ikapangwa kwa nafasi mpaka ikafika mbali barabarani. Na watu wale wale walioitwa wakaidi wakasimama kwenye foleni ile juani, kila siku, kwa miezi.

Kwa nini watu hawakunawa mikono tu? Sabuni si ghali.

Sabuni si ghali. Maji ndiyo.

Karibu maji yote matamu ya Mombasa hutoka nje ya kaunti: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho upande wa Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Mifereji mingi mitaani hutoa maji kwa zamu, na mingine hutoa hewa. Anayewanusuru watu ni muuza maji mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20.

Fanya hesabu ya nyumba ya watu saba. Kila mmoja anawe mara kumi kwa siku, nusu lita ya kata kila anaponawa. Hiyo ni lita 35, karibu mitungi miwili ya kununua, na hujapika, hujafua, hujaoga, hujatawadha. Mama anayepata riziki yake kwa kufua nguo za watu, na wale watu wamemwambia asije mpaka korona ipite, atatoa wapi pesa za mitungi miwili ya kunawia mikono?

Nilichowashauri watu ndicho ningewashauri hata leo. Maji ya chumvi ya kisima yanafaa kunawia. Povu litakuwa hafifu, sabuni itaisha upesi kidogo, lakini kinachoviua virusi hivi ni sabuni kuyeyusha utando wao wa mafuta, na sekunde 20 za kusugua zinatosha. Pili, tundika kibuyu chirizi: dumu la lita tano lenye tundu dogo, kamba na kijiti cha kukanyagia. Kinachirizika kidogo kidogo, na hakuna anayeshika mfereji wa mwenzake. Nilipita mtaa mmoja wa Majengo nikakuta vitatu kwenye uchochoro mmoja, vimetengenezwa na watoto. Tatu, weka maji safi ya kisima nje ya choo cha pamoja kwanza, kabla ya mlango wa chumba chako, maana chooni ndipo mikono ya wote hukutana.

Wenye maduka nao hawakungoja kufundishwa. Jirani yetu mmoja alifunga kamba mlangoni ili wateja wasimame nje, akaweka kibakuli cha maji ya sabuni cha kutumbukiza sarafu, na noti akazipokea kwa kibanio cha nguo na kuzianika kwenye uzi ndani ya duka. Ada ya kutuma pesa kwa simu isiyozidi shilingi 1,000 ilipoondolewa katikati ya Machi, aliandika nambari yake kwa chaki ukutani na wengi wakaacha noti kabisa.

Je, ni kweli watu waliamka usiku kunywa chai ya rangi?

Ni kweli, na si Mombasa peke yake. Mwezi Machi ilienea nchini habari kwamba kuna mtoto mchanga amezaliwa akasema, kisha akafa, na kwamba dawa ya korona ni chai ya rangi bila sukari kabla jua halijatoka. Simu zililia usiku kucha, ndugu wakiamshana. Chai haikumdhuru mtu. Sikuwahi kumcheka aliyeinywa. Mtu ameambiwa kuna ugonjwa usio na dawa, na mara anaambiwa dawa iko jikoni kwake; ungefanyaje?

Kujifukiza mwarobaini, tangawizi na ndimu, je, vilisaidia?

Mvuke hulegeza kamasi na kumpa mtu nafuu ya pua iliyoziba. Tangawizi na asali hutuliza koo. Ni mambo ya bibi zetu na sina ugomvi nayo. Lakini hakuna hata kimoja kinachoua virusi vya korona mwilini, na mimi niliwahi kuona mtoto aliyeungua paja kwa sufuria ya kujifukizia iliyopinduka chini ya blanketi. Hilo ndilo lililonifanya niwe mkali. Kwa mtoto, usifanye.

Walisema joto la Pwani litaiua korona. Mbona haikufa?

Kwa sababu virusi havikuhitaji kuishi juani. Vilihitaji kutoka mdomoni mwa mtu mmoja hadi puani mwa mwingine ndani ya matatu, ofisi au chumba kisicho na dirisha. Joto lilitusaidia kwa njia moja tu, kwamba sisi hukaa nje sana. Baraza yenye upepo ni salama kuliko sebule iliyofungwa yenye kiyoyozi.

Na kwa kuwa wengi huunganisha maswali haya mawili: ule unyunyiziaji wa dawa mitaani na sokoni tuliouona ulituliza roho zaidi ya kuzuia ugonjwa. Mwezi Mei mwaka ule Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kunyunyizia barabara hakusaidii, na kumnyunyizia mtu ni hatari.

Niqabu ilitosha badala ya barakoa?

Kina mama waliniuliza hili kwa haya, wengine kwa kuogopa faini, kwani asiyevaa barakoa mahali pa umma aliambiwa ni shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Jibu langu lilikuwa hapana, haitoshi, na sababu si ya dini. Kitambaa cha niqabu ni chepesi, tabaka moja, na kiko wazi chini, kwa hiyo pumzi inatoka na kuingia bila kuchujwa. Vaa barakoa iliyobana pua na kidevu, kisha niqabu yako juu. Hakuna atakayeona, nawe umejikinga.

Mafundi cherehani waliokosa nguo za harusi na za Idi ndio waliotuokoa. Walishona barakoa kwa mabaki ya leso na vitenge, tabaka mbili au tatu, kwa bei ya kila mtu. Masharti yalikuwa kuifua kila siku kwa sabuni, kuianika juani, kuipiga pasi, na kutoazimana. Hilo la mwisho lilikuwa gumu zaidi. Tuliona vijana watatu wakipokezana barakoa moja ili kila mmoja apite mbele ya polisi.

Ramadhani ile ilikuwaje?

Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi. Muadhini aliadhini, na akaongeza maneno ya kuwaambia watu waswali majumbani. Wazee ambao hawakuwahi kukosa swala ya alfajiri msikitini walisimama milangoni kwao wakisikiliza, hawajui wafanye nini na miguu yao.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Magharibi huku kwetu majira yale ni kama saa kumi na mbili na robo, na kafyu ilikuwa saa moja. Robo tatu ya saa basi. Ndani ya muda huo mtu ale tende, aswali, na kama yuko barabarani afike. Jirani hakuweza kumtembelea jirani na sinia ya futari kama ada yetu, kwa hiyo masinia yalianza kuzunguka alasiri, viazi vya rojo, kaimati na mikate ya kumimina ikifika baridi lakini ikifika. Wauza futari wa kando ya barabara waliumia sana. Biashara yao huchangamka saa zile zile zilizofungwa.

Tarawehe ziliswaliwa ukumbini. Katika nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila familia ilitandika mkeka mbele ya mlango wake, na aliyehifadhi Qur'ani nyingi zaidi akawa imamu, hata kama ni kijana wa miaka kumi na tano. Hilo watu wengi wanalikumbuka kwa mapenzi. Wakristo nao walikuwa wameipitisha Pasaka tarehe 12 Aprili kwa redio na simu. Nyumba za ibada ziliporuhusiwa kufunguliwa polepole mwezi Julai, ilikuwa watu 100 tu, kwa saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Wale wazee wa milangoni wakaendelea kubaki milangoni.

Kwa nini Mji wa Kale ulifungwa peke yake, na ni kweli wakazi walikataa kupimwa?

Tarehe 6 Mei serikali ilifunga Mji wa Kale hapa kwetu na Eastleigh kule Nairobi: hakuna kuingia, hakuna kutoka, masoko na mikahawa ikafungwa. Ilitangazwa kuwa ni siku 15, ikaongezwa, ikaisha mwanzoni mwa Juni. Sababu iliyotolewa ni kwamba idadi ya wagonjwa ilikuwa inapanda upesi mle ndani. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, na Idi iliwakuta wamefungiwa.

Walikataa kupimwa? Wengi walijificha, ndiyo. Lakini tuulize walikuwa wanakimbia nini, maana mtu hakimbii kijiti cha pamba cha puani.

Walikimbia karantini. Wiki za mwanzo, aliyepelekwa karantini ya lazima alitakiwa ajilipie malazi na chakula. Zilisikika habari za watu waliomaliza siku 14, wamepimwa hawana kitu, na bado hawaruhusiwi kutoka kwa sababu ya deni. Kwa kibarua wa Shimanzi, kupimwa kulimaanisha anaweza kuambiwa alipe pesa za kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Serikali ilipotangaza mwezi Mei kwamba itagharamia karantini katika vituo vya umma, ilikuwa imechelewa. Hofu ilishaota mizizi.

Walikimbia pia aibu. Gari la wagonjwa lilikuja na watu waliovaa nguo nyeupe tangu unyayo hadi utosini, uchochoro mzima ukitazama kwenye madirisha. Kutoka siku ile nyumba hiyo inaitwa "nyumba ya korona." Mwenye duka la nguo hapati mteja, binti mwenye posa hatajwi tena. Nimekaa na familia iliyopona wote salama, na kilichowaliza hakikuwa homa. Kilikuwa kwamba hakuna aliyewapigia simu.

Nikiambiwa leo nichague kitu kimoja cha kubadilisha, ningebadilisha namna ya kuwafuata watu. Mtu wa mtaani anayejulikana aje kwanza, bila gari, aseme na mkubwa wa nyumba faraghani, akiwa na jibu tayari la maswali matatu: nitalipa nini, watoto watakula nini, na nitarudi lini. Pale tulipofanya hivyo, watu walipimwa.

Watu waliishi kwa nini bila kazi?

Uchumi wa Mombasa una miguu miwili, bandari na utalii. Bandari haikusimama, mizigo iliendelea kutoka, ingawa madereva wa malori waliteseka kwa foleni za vipimo na kwa kuogopwa kila walikosimama. Utalii ulikatika siku ndege zilipokatika. Hoteli za ufuoni kuanzia Nyali hadi Shanzu zilifunga, na wafanyakazi wakapewa likizo isiyo na malipo. Kila mpishi aliyerudi nyumbani alirudi na wengine nyuma yake wasiohesabiwa popote: muuza madafu, dereva wa tuktuk, msusi wa pwani, mvuvi aliyekuwa akiuza kamba hotelini. Wavuvi wa usiku walipata pigo la pili, kwa kuwa kafyu haikuwaruhusu kwenda pwani saa ambazo samaki wao hupatikana.

Serikali ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 wakasamehewa kodi ya mapato. Ni hatua nzuri kwa mwenye mshahara. Vijana wengine walipata siku chache za Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua vya kufagia na kuzibua mitaro. Chakula cha msaada kilikuja, kutoka kaunti na kwa wahisani, lakini orodha ziliandikwa nyumba kwa nyumba, na nyumba moja ya Kiswahili inaweza kuwa na familia sita. Familia moja ikipata mfuko wa unga, tano zinatazama.

Mwishoni mwa Aprili nchi nzima ilisikia habari ya mjane mmoja wa hapa Mombasa aliyechemsha mawe ili watoto wake wadhani chakula kinaiva, wasinzie. Wengi walikumbuka kisa cha Sayyidna Umar na mama wa mawe, ambacho tumekisikia madrasa tangu utotoni. Lakini aliyepaza sauti mpaka mjane yule akasikika alikuwa jirani yake. Na ndivyo miezi ile ilivyopita kwa kweli: muuza mboga aliyekubali deni la tatu, mwenye nyumba aliyesema "tutaongea mambo yakiwa mazuri," vikundi vya akina mama vilivyogawana akiba ya chama badala ya kungoja zamu. Wapo wenye nyumba waliong'oa milango pia. Nao tunawakumbuka.

Nauli ilipanda kwa nini?

Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, na mafuta ni yale yale. Abiria walilipa tofauti.

Mtu akifa, alizikwaje?

Hapa ndipo hofu ilipofanya watu wasahau utu. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Kwa mji ambao jeneza husindikizwa na mamia, kila mtu akitaka kulishika japo hatua tatu, hilo lilikuwa jambo zito kweli kweli.

Waislamu waliuliza kuhusu josho. Masheikh walieleza kwamba panapokuwa na hatari, kuna ruhusa ya kutayamamishwa, yaani kupanguswa kwa udongo safi, badala ya kuoshwa, na kwamba sanda na swala ya janaza hazianguki. Kiafya, maiti hakohoi wala hapumui. Kilichotakiwa ni glavu, barakoa, kuepuka majimaji ya mwili, na kunawa. Hapakuwa na sababu ya kumtupa mtu kaburini kwa haraka kama mzigo. Tulipolieleza hilo mapema kwa waoshaji wa mtaani na kuwapatia glavu, maziko yalikwenda kwa heshima.

Matanga ndiyo yaliyokosekana. Mfiwa alikaa peke yake, simu mkononi.

Watoto walisoma?

Wenye simu na bando, kidogo. Wenye redio, walisikiliza vipindi vya masomo. Wengine walicheza mpira na kufanya vibarua, na wapo wasichana ambao hawakurudi. Madarasa matatu tu, la nne, la nane na kidato cha nne, yalirejea Oktoba 2020. Waliobaki walingoja hadi Januari 2021. Hasara hiyo haijahesabiwa hadi leo.

Mbona sikumjua mtu yeyote aliyeugua? Korona ilikuwako kweli?

Ilikuwako, tena nyingi kuliko tulivyoambiwa kila jioni kwenye televisheni. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kule Kilifi, ambao ndio pia walikuwa wakipima sampuli za Pwani, walichunguza damu ya watu waliojitolea kuchangia damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Walitafuta kinga ambayo mwili hubaki nayo baada ya kuambukizwa. Kwa nchi nzima walikadiria asilimia 4 na kidogo. Mombasa ndiyo iliyoongoza, kama asilimia 8. Mtu mmoja katika kumi na wawili hivi alikuwa amekwisha ambukizwa, wakati orodha rasmi ilionyesha wachache mno.

Wengi wao hawakuhisi kitu au walidhani ni mafua. Nchi yetu ina vijana wengi, na ugonjwa huu uliwaelemea zaidi wazee na wenye kisukari na shinikizo la damu. Kwa hiyo yawezekana hukumjua mgonjwa, na huenda mgonjwa ulikuwa wewe, ukampitishia mzee wa jirani. Ndiyo maana tulisisitiza barakoa hata kwa kijana mwenye afya.

Na wagonjwa wengine, wa kifua kikuu, wa sukari, wajawazito?

Waliumia kimyakimya. Watu waliacha kwenda hospitali wakiogopa kuambukizwa au kupelekwa karantini kwa sababu ya kikohozi. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa nne usiku alikuwa na mitihani miwili, uchungu wenyewe na kizuizi cha barabarani. Tulizunguka na dawa za watu kwenye mifuko ili wasikose dozi. Ukiwa na mgonjwa wa dawa za kila siku nyumbani, weka akiba ya wiki mbili wakati wowote, janga liwepo lisiwepo.

Iliisha lini?

Kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku mwezi Juni 2020, mipaka ya kaunti ikafunguliwa Julai, chanjo za kwanza zikafika nchini Machi 2021, na kafyu yenyewe ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura Mei 2023.

Nina picha na sauti za wakati ule kwenye simu ya zamani. Zina maana yoyote?

Zina maana kubwa. Usizifute. Andika pembeni tarehe, mtaa na kinachoonekana, hata kama ni foleni ya maji tu au mlango wa msikiti uliofungwa, kisha zihifadhi mahali pawili. Kama kuna sura ya mtu, hasa mgonjwa au aliyepokea msaada, muombe ruhusa kabla hujamwonyesha mwingine. Na kama una mzee nyumbani aliyeipitisha Ramadhani ile mlangoni, mrekodi akisimulia, mwanzo hadi mwisho, bila kumkatiza.